Gari linafungwa Marekani, kelele Dutwa!

Wiki hii nina kasheshe la kukusimulia, na limeanzia kwenye kitu kidogo kuliko hata punje ya mtama: ule mlio gari linaotoa ukilifunga. "Kwiip!" Basi, huo huo.

Tusidanganyane, ule mlio tunaupenda sote. Hapa kwetu kuna mshikaji mmoja wa bodaboda, jina lake naliweka kapuni maana ni mtu ninayekula naye, kafunga alamu ya Kichina kwenye pikipiki. Anaegesha mbele ya mama ntilie, hatua tano tu kutoka kwenye benchi atakalokaa, halafu anabonyeza rimoti. Kwiip kwiip! Anakaa, anaagiza. Wakiingia mabinti wawili ambao hawakuwepo mara ya kwanza, anabonyeza tena. Siku moja nilimhesabia mara tisa kwa sahani moja ya ugali na sato. Sasa hebu niambie, pikipiki ile nani aibe saa saba mchana, kando ya lami, watu wamejaa? Ile haifungwi bwana, ile inatangazwa.

Basi nilidhani yule mshikaji ndiye bingwa, kumbe kuna kiboko yake, tena ni wa ukoo wetu.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa (kwa hiyo kwetu ni kaka kabisa, mambo ya binamu sijui nini hatuna), yuko Houston, Texas, tangu 2014. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mwaka jana kajikusanya akanunua gari la umeme, Tesla, limeshatumika lakini bado bomba. Usiku mmoja, kwetu saa tatu, kwao saa saba mchana, akanipigia simu ya video. "Dogo, sikiliza hii." Akashuka, akafunga mlango, akaanza kuondoka. Gari likalia kama mbuzi anayechinjwa!

Mimi nilicheka mpaka simu ikanidondoka. Bibi aliyekuwa chumba cha pili akauliza kwa sauti, "Mbuzi wa nani huyo?"

Sasa nikueleze lile dude linavyofanya, maana na mimi ilibidi nielezwe mara tatu. Magari mengi ukiyafunga yanapiga kahoni kadogo na kuwasha taa za pembeni, ili mwenye gari ajue mlango umekubali. Tesla hao, kwenye programu mpya waliyoitoa sikukuu za Desemba 2023, wakaruhusu mtu abadilishe huo mlio. Kuna milio waliyoiweka wenyewe, kama tairi linalosaga lami. Lakini utamu ni kwamba unaweza kuleta wa kwako. Unachukua flashi, unaweka faili la sauti la aina ya wav, unaliita LockChime.wav, jina hilo hilo bila kukosea herufi, na lisifike MB moja. Unachomeka flashi kwenye gari, unaingia kwenye skrini sehemu iitwayo Toybox, kisha Boombox, unachagua. Kwisha kazi. Sharti gari liwe na spika ya nje, ile iliyowekwa kwa ajili ya kuwaonya waenda kwa miguu.

Hiyo MB moja usiione nyingi. Sauti ya wav ya stereo ya kawaida inakula karibu KB 176 kwa sekunde moja, kwa hiyo kabla sekunde ya sita haijaisha umeshamaliza mgao wako. Ni sentensi moja tu fupi. Huwezi kuweka taarab.

Na hiyo spika ya nje ina kisa chake. Gari la umeme likienda taratibu halina mngurumo. Mimi mwenyewe nimeonja. Nilikwenda Dar kwa shangazi, nikawa navuka kichochoro nikiwa natafuna muhindi, nikashtukia pikipiki ya umeme iko kwenye kisigino changu, kimyaaa kama paka anayenyemelea. Muhindi uliruka, na mimi nikaruka. Dereva akanitukana eti sina masikio. Masikio ninayo, ila sikupewa kitu cha kusikia! Sisi tuliokulia kijijini tunavuka barabara kwa masikio kwanza, macho baadaye. Vipofu ndio hawana macho ya kuja baadaye. Ndiyo maana Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme linalouzwa lazima litoe mlio likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Na Marekani, Februari 2022, Tesla walibanwa wakarekebisha magari zaidi ya 578,000, kwa sababu ile Boombox ilikuwa inaweza kupiga vituko vyake hata gari likiwa linatembea, ikafunika mlio wa kuonya watu. Mbuzi alie gari likiwa limesimama, hapo hamna kesi. Likitembea, hapana.

Usije ukasema haya ni mambo ya Wazungu tu. Machi 2022 mchora katuni wetu Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme alilolitengeneza pale pale Dar. Na hapa jirani yetu Serengeti, ukishuka kwa lami hadi Lamadi unaliona geti la Ndabaka, magari ya utalii ya umeme yalianza kuingia mbugani 2018. Kule kimya ni sifa, simba hashtuki. Mimi muhindi wangu ulishtuka.

Halafu kuna hili ambalo nikiwaambia watu wa mjini hawaamini. Mwaka 2008 kampuni ya Uingereza, African Eagle Resources, iligundua nikeli kwenye vilima vya Wamangola na Ngasamo, na mradi wenyewe wakaupa jina la Dutwa. Dutwa hii hii! Nikeli ndiyo inayoingia kwenye betri za magari mengi ya umeme (si yote, mengine betri zake ni za chuma na fosfeti). Kampuni ikatoboa, ikapima, ikaondoka bila kufungua mgodi. Kwa hiyo mimi ninayeandika haya nimekalia mawe ya betri, na simu yangu ina chaji asilimia nne. Haya, tuendelee.

Siku tatu baada ya ile simu ya mbuzi, kaka akanipigia tena, safari hii hana utani. Kasema ule mlio wa mbuzi umemchosha. Kila akitoka kazini usiku, maegesho ni makubwa kama uwanja wa mpira, anafunga, mbuzi analia, wenzake wanacheka, basi. Anataka kitu cha nyumbani. "Nirekodie sauti ya Dutwa," akasema, na akanitumia shilingi elfu hamsini kwenye simu za usumbufu.

Elfu hamsini msomaji! Ningeweza kumrekodia hata ukimya.

Nikaanza kazi. Nikarekodi kengele ya ng'ombe wa jirani, yule dume mwenye nundu kama mlima. Kaka akasikiliza akasema inafanana na kengele ya duka la kule kwao, mlango ukifunguliwa. Nikarekodi honi ya basi, ile inayoimba ikipita senta. Akasema polisi watamkamata. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa manju enzi zake, wale wa Bagika, nikamwomba apige ngoma sekunde tano. Akanitazama kama nimemtukana. "Sekunde tano mimi sijamaliza hata kukaza ngozi," akasema. Nikaondoka na adabu zangu.

Ndipo kaka akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Unajua ninachotaka? Bibi. Ile ya jioni."

Nikaelewa hapo hapo.

Sisi tumelelewa kwa bibi, wajukuu kumi na mmoja ndani ya nyumba moja yenye mlango mmoja na komeo la mti. Komeo lenyewe lilikuwa zito, mtoto haliinui. Kila usiku bibi analishika mkononi, anasimama mlangoni, anauliza, "Mmeingia wote?" Sisi tunaitikia kwa pamoja, "Tumeingiaaa!" Ndipo komeo linashuka: kwaa! Ukisikia ile kwaa, hata fisi alie nje vipi, wewe ni usingizi tu.

Sasa kuna usiku mmoja kaka, akiwa darasa la saba, alitoroka kwenda kwenye kibanda cha video senta. Bibi akauliza, sisi kwa kumfichia tukaitikia "Tumeingiaaa!" kwa nguvu kuliko siku zote. Komeo likashuka. Jamaa akarudi saa sita, akagonga kidogo kidogo, akaogopa, akaenda kulala zizini na ndama. Asubuhi kaja na samavi mpaka kwenye nyusi. Bibi hakumgusa. Alitucharaza sisi kumi, mmoja mmoja, kwa ile "tumeingia" yetu ya uongo. Tangu siku hiyo hakuamini tena kuitikia. Akawa anapita na kibatari anagusa vichwa, anahesabu, ndipo anafunga.

Kwa hiyo kaka anataka gari lake Houston likifungwa liulize, "Mmeingia wote?" Nikaona hii kazi ni ya dakika moja. Nikaenda kwa bibi jioni yuko jikoni anapepeta choroko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Leo umekuja mapema, umefukuzwa wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia aseme tu yale maneno yake, nitayarekodi, yaende kwa kaka. Akakubali, akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu kama anashika yai. Halafu akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya gari, akilifunga usiku liseme kwa sauti yako.

"Humo garini wanakuwa wangapi?"

"Peke yake bibi, anatoka kazini. Na akishafunga anakuwa hayumo, anakuwa nje."

Akanirudishia simu. "Sasa nitamuuliza nani kama wameingia wote, na yeye ndiye yuko nje?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema hata babu yako hakuwahi kufunga zizi akasema ng'ombe wametimia huku mmoja anamwona kwa macho yuko porini. Akarudia kupepeta choroko zake. Mazungumzo yamekwisha.

Hapa msomaji nakuomba usinihukumu haraka. Ile elfu hamsini nilikuwa nimeshaila. Kuna deni la vocha nilikuwa nimelipa, kuna soda nilikuwa nimemnunulia mtu fulani ambaye safu hii haimhusu. Kurudisha siwezi. Nikafanya ujinga. Siku hizi bibi amebaki na vitukuu watatu, na bado anawauliza vile vile kabla hajafunga, ingawa komeo lilishaondoka na mlango sasa una kitasa. Nikajibanza nje dirishani, simu mkononi. Nikaipata, sekunde nne, safi, hata mbwa hakubweka.

Kesho yake nikaipeleka kwa dogo anayejaza watu nyimbo kwenye memori kadi pale senta, ili aigeuze iwe wav. (Sauti inayotumwa kwa WhatsApp siyo wav, gari haliielewi.) Dogo kazi anaijua, ila ana spika kubwa mbili nje ya kibanda, na kila anachokigeuza anakijaribu kwanza humo. Sikuwahi kumzuia. Sauti ya bibi ikapasuka Dutwa nzima: "MMEINGIA WOTE?" Wakina mama wa nyanya wakainua vichwa. Kuna jamaa kwenye baiskeli akaitikia "Bado!" watu wakaangua kicheko. Dogo naye kwa kutaka sifa akairudia, akaweka na biti.

Nilifika nyumbani mwendo wa dakika kumi. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, sijui ilipanda nini.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Nilitegemea fimbo, umri wangu huu. Hakunigombeza. Alisema, "Futa." Nikafuta mbele yake, nikamwonyesha. Akasema na kule kwa yule mtoto mwenye makelele. Nikarudi senta, nikasimamia ikafutwa. Njia nzima watu wananiuliza kama nimeingia.

Niliporudi giza limeshaingia. Nikamwambia bibi ukweli kuhusu ile hela. Akaguna tu. Akaniuliza kaka yako anakuja lini. Nikamwambia ana mambo ya karatasi, akitoka bila kuzikamilisha anaweza asirudi tena kazini kwake. Hayo nilishamwambia mara nyingi, na kila mara huuliza kama ndiyo mara ya kwanza. Baba yake mzazi amezikwa 2019 hakuwepo. Tulimwonyesha mazishi kwa simu, mtandao ukawa unakatika katika, akaona udongo ukianza kutupwa, halafu picha ikaganda. Bibi ndiye aliyekuwa ameshikilia simu.

Akanyamaza muda. Watoto walikuwa wameshalala. Akainuka, akaenda mlangoni, akashika kitasa. "Washa hicho kidude chako," akasema.

Nikawasha.

Akasema, "Bado mmoja." Akafunga mlango.

Na kitasa kikasikika: ka! Sekunde tatu na kidogo. Sikuipeleka kwenye spika za mtu. Nilimwomba mwalimu mmoja mwenye kompyuta akaigeuza kimya kimya, nikamtumia kaka kwa barua pepe, na maelezo kuwa bibi kakataa ile ya kwanza, hii ndiyo aliyoitoa mwenyewe.

Siku mbili hakujibu. Nikajua nimeharibu. Nikawa naangalia simu kila saa, naona kasoma, jibu hamna. Yule mshikaji wa bodaboda akawa ananicheka, eti mtaalamu wa milio umekosa mlio. Kwiip kwiip!

Siku ya tatu ikaingia video. Usiku, maegesho yale makubwa, taa za njano. Kaka anatembea kulielekea lango la ghala, gari liko nyuma yake. Taa za pembeni zikawaka mara moja, na katikati ya Texas bibi yetu akasema, "Bado mmoja." Ka! Mzee mmoja wa Kimarekani anayepita akageuka, akauliza kitu. Kaka akamjibu kwa Kiingereza kuwa ni alamu.

Nilimwonyesha bibi. Alitazama mara mbili, akaomba nimsogezee aone uso. Akasema amekonda.

Juzi kaka kanipigia tena, nikadhani anataka mlio mwingine, nikaanza kupiga hesabu za elfu hamsini. Hapana. Kauliza habari za mvua, kauliza pamba, kazunguka zunguka weee, halafu kama mtu anayeuliza bei ya chumvi akasema, "Hivi siku hizi nauli ya basi kutoka Mwanza mpaka hapo Dutwa ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia ile ya zamani, asije akaogopa.